Michai Yetu Mifupi

Harufu ya majani chai mabichi yanayoanza kunyauka kikapuni haifanani hata kidogo na ya chai iliyo kwenye kikombe. Ina ubichi wa nyasi zilizokatwa na, kwa mbali, utamu wa tunda linaloanza kuiva. Kila Jumapili ninapotoka Nyanchwa, ninakoishi siku hizi, kwenda Gesima kumsaidia dada yangu Kwamboka kuchuna, harufu hiyo hunipokea kabla yake. Haipiti muda mrefu kabla mgongo wangu haujaanza kulalamika, kwa maana michai yetu ni mifupi kuliko ya majirani wote. Majirani huchuna wakiwa wamesimama wima, watu na heshima zao. Mimi huinama kama ninayetafuta sindano iliyoanguka.

Wazazi wetu walifariki tungali wadogo, tukabaki na Nyanya, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kukataa kazi. Chai ikakosa mchunaji. Na mchai usiochunwa haumngoji mtu: ulipanda, ukawa mti, nasi tukawa tunacheza kibe chini yake. Kwetu ilikuwa raha tupu. Kwa baba mdogo haikuwa. Siku moja alisimama mlangoni akamwambia Nyanya, kwa upole ulionitisha kuliko makelele, "Mama, hii si chai tena, ni msitu. Mvua ikirudi nang'oa yote, napanda mikaratusi. Na hawa watoto tutawagawa. Mmoja aende Kenyenya kwa shangazi yao, mwingine nitakaa naye mimi."

Kugawa! Neno hilo nililijua kwa viazi tu. Nilishika gauni la Kwamboka siku nzima, hata msalani nikamsubiri mlangoni.

Siku chache baadaye wakaja akina mama watatu wa kikundi cha kanisa, waliojitolea kuwaangalia mayatima wa kijiji chetu. Kiongozi wao alikuwa Mama Bosibori, mwanamke mpana ambaye kicheko chake kilifika kabla yake. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wa kujitolea huja na mikate na peremende, kwa hiyo nilianza kwa kutazama mikono yao. Walikuwa na mapanga. Nyanya alipenda kusema mkono mtupu haulambwi, lakini ule wenye panga hakuwa ametufundisha wanaufanyia nini.

Wakaingia shambani, wakaanza kukata. Hawakupunguza matawi, walikata mchai mzima, wakabakiza kisiki kifupi. Niliamini kabisa kwamba baba mdogo ndiye aliyewatuma. Nikakimbia, nikakumbatia mchai mmoja na kupiga mayowe kwamba anayeukata anikate na mimi.

Mama Bosibori aliweka panga chini. "Wewe mtoto, hebu simama. Simama wima." Akaweka kiganja gotini pangu, akageuka kwa wenzake. "Ni hapa. Msipite hapa." Nilidhani ananipima kama fundi wa nguo, na nikangoja nguo ambayo haikuja.

Baba mdogo alipoona shamba limebaki vijiti alicheka. "Mmenipunguzia kazi!"

"Shemeji, ngoja mvua," Mama Bosibori akamjibu.

Tukaingoja. Kila wiki walituletea walichopika kwao, mboga chungu ya saga iliyotulizwa kwa maziwa na ugali wa wimbi, wakakaa na Nyanya kumchekesha. Mvua iliponyesha, vijiti vikatoa machipukizi mekundu-mekundu, kisha kijani kikatanda. Wakatufundisha kuchuna chipukizi na majani mawili, basi, si zaidi. Tulichuna kidogo tukitoka shule, na shamba lililosalia walilichuna wao, wakabeba majani hadi kituo cha kuuzia chai. Baba mdogo alipita, akaikagua michai. "Haya," akasema, "mikaratusi nitapanda kwangu." Habari ya kutugawa ikaishia hapo, na Nyanya akarudia "mbuya mono", asante sana, mpaka Mama Bosibori akamwomba anyamaze.

Jumapili iliyopita nilichoka nikamwambia Kwamboka tukipogoa tena tuiache michai ipande juu kama ya wenzetu.

Akaacha kuchuna. "Unakumbuka zamani ilikuwa inakufika wapi?"

"Kiunoni," nikasema. Na hapo ndipo akili yangu, iliyosomeshwa na chai hiyohiyo, ilipofunguka. Tangu siku ile michai hupogolewa palepale waliponipima, gotini pa mtoto, ili ikichipua imfike kiunoni. Akina mama wale hawakukata kwa kimo chao. Walikata kwa kimo chetu, ili chai iwe na wenyewe, halafu wakaichuna miaka yote ile, watu wazima watatu, Mama Bosibori na upana wake, wakiwa wameinama ili sisi tusimame.

Mgongo huu unaoniuma uliwauma wao kwanza. Niliwapenda Jumapili hiyo kuliko siku zote nilizokula saga yao. Kwamboka akamwita binti yake mdogo, ambaye majani yanamfika kiunoni, aje na kikapu chake. Sikusema tena habari ya kuiacha ipande. Nikainama, nikaendelea kuchuna.