Chai Iliyomwagwa Mkunazini

Ukitaka kunibishia, nibishie nikishamaliza. Wengi huanza kucheka katikati ya maneno yangu, na hunyamaza wenyewe kabla sijafika mwisho. Wallahi haya niliyaona kwa macho yangu, tena si usiku, ni mchana jua likiwa utosini. Na mikono yangu hii iligusa.

Ilikuwa miaka ya themanini, nikifanya kazi katika hoteli moja ya watalii hapa Malindi. Mwenye hoteli alikuwa ameleta pikipiki mbili za magurudumu matatu, zile za matairi yaliyofura kama maboga, wageni wapate kuzichezea kwenye vilima vya mchanga huko njia ya Ngomeni. Kabla ya mgeni kupelekwa, ilikuwa lazima sisi tutangulie tuione njia. Sisi ni mimi, mzaliwa wa Shella, na mwenzangu Mutua, Mkamba aliyekuja pwani kutafuta riziki, mtu wa mzaha mwingi.

Mutua alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwende, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Yeye na mkewe walimtafuta mtoto huyo kwa miaka, na walikuwa wamezika wengine kabla yake. Ukikaa na Mutua kidogo tu, utasikia Mwende kafanya hili, Mwende kafanya lile. Alituchosha, lakini nani angemlaumu?

Asubuhi hiyo nilikuwa nafunga mkoba wa safari. Mimi siendi porini mikono mitupu. Nilitia pampu ya mkono, viraka na gundi yake, spana, koleo, plagi ya akiba, kamba ya kuvutia, utepe mweusi wa kufungia nyaya, dumu la maji, na sanduku dogo la dawa. Mutua akalitoa lile sanduku, akaliweka juu ya benchi.

"Kaka, unahama ama unaenda kutembea? Hii ni mzigo ya bure."

Nikalirudisha mkobani. Shika hapo, usisahau. Yeye mwenyewe alibeba chupa ya chai tu, chai ya tangawizi aliyotiliwa na mkewe.

Tulipoipita Mambrui tukaacha barabara, tukashika mchanga. Haukupita muda, mwiba ukatoboa gurudumu la Mutua. Tukasimama penye mkunazi, mti wa pekee uliokuwa na kivuli, nami nikakaa kuziba. Mutua akaitikisa chupa yake, ikalia chakacha. Kioo cha ndani kilikuwa kimevunjika kwa mirusho ya njia. Akasonya, akaimwaga chai yote shinani mwa mkunazi, ingali ya moto, ikifuka mvuke, pamoja na vigae vya kile kioo.

Sasa, kwetu sisi kitu cha moto hakimwagwi ovyo. Mama yangu hata akimwaga maji ya wali hupiga bismillahi kwanza, akawaomba radhi wasioonekana, wapate kujitenga. Sembuse chini ya mkunazi, makao yao, jua la utosi?

"Mutua, omba radhi," nikamwambia. "Sema hata samahani kwa Kikamba chako."

Akacheka. "Nimwombe nani, kaka? Mchanga?"

Hata hajamaliza kicheko, mtoto akalia. Kichanga kililia nyuma ya mti ule ule, mahali pasipo nyumba, wala shamba, wala njia ya mtu. Tukatazamana.

Akatokea mwanamke aliyejifunga leso, uso wake wa kawaida kabisa, mtu ambaye ungemwamkia sokoni ukapita. Alikuwa pekupeku juu ya mchanga uliokuwa ukituunguza ndani ya viatu. Mtoto alikuwa amemlaza kifudifudi begani.

"Mwanangu ameungua," akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha bibi zetu. "Mna dawa?"

Nikautazama ule mgongo. Ngozi ilikuwa imebambuka kutoka shingoni hadi kiunoni, na juu ya nyama yamenata majani ya chai. Harufu ya tangawizi ikanijia puani. Na katikati ya majani yale, niamini, mlikuwa na vigae vyembamba vya kioo, vinang'aa upande mmoja kama vya ndani ya chupa ya chai. Mutua aliitazama chupa iliyokuwa bado mkononi mwake, akamtazama mtoto, akakaa mchangani.

"Yupi kati yenu ana mtoto?" mwanamke akauliza.

Mimi wakati huo nilikuwa kapera. Sikuthubutu hata kumtazama Mutua, lakini yeye mwanamke alikwisha kumtazama.

"Nisamehe, mama," Mutua akasema. "Sikujua kuna mtu."

"Uliambiwa." Hakufoka. Kisha akanigeukia mimi. "Mtibu. Mtibu kama wa kwenu."

Ningefanya nini? Nilifungua sanduku. Nilivitoa vile vigae kimoja kimoja kwa koleo nililosafisha kwa dawa ya kidonda, nikaosha majani, nikapaka mafuta ya kuungua, nikafunga bendeji. Mwili wa mtoto ulikuwa baridi kama mtungi ulioshinda na maji. Plasta zilikuwa zimekwisha, basi nikachukua ule utepe mweusi wa nyaya, nikaukata kwa meno, nikabandika mmoja begani na mmoja kiunoni.

Mwanamke akaikagua kazi yangu. "Basi na iwe hivyo hivyo," akasema, akarudi nyuma ya mti. Nikajikaza nikazunguka. Hapakuwa na mtu, na pale ilipomwagwa chai mchanga ulikuwa mkavu.

Nilimaliza kuziba gurudumu mbio mbio, na njia nzima ya kurudi Mutua alilitaja jina la mwanawe tu. Tulifika kwake, chumba cha kupanga mjini, tukamkuta mkewe kibarazani analia, amempakata Mwende kifudifudi. Mgongoni mwa Mwende mna bendeji. Begani na kiunoni, utepe mweusi.

"Nani amemfunga?" nikauliza.

"Sijui, shemeji. Nilimlaza nikatoka kuanua nguo. Nikasikia analia, kurudi nikamkuta hivi."

"Chai ilimwagikia wapi?"

Akanishangaa. "Chai gani? Jiko sijawasha tangu asubuhi. Chai yote alienda nayo baba Mwende."

Lakini mtoto alikuwa ananuka tangawizi. Nikautoa utepe wangu mkobani, nikaulinganisha ncha na ule wa begani. Alama za meno yangu ziliingiana. Mutua alipoona hivyo alilia mbele ya majirani, mwanamume mzima, nami sikuweza kumnyamazisha. Hospitalini hawakukuta hata chembe ya kioo. Daktari aliuliza ni nani aliyesafisha kidonda vizuri namna ile.

Mwende alipona. Sasa ni mama wa watu, na kovu lake liko palepale, na chai ya tangawizi haingii nyumbani mwake. Mutua aliwarudisha watu wake kwao Ukambani. Nasikia hata maji ya kuogea hayamwagi bila kunong'ona samahani.

Nawe unayekwenda porini, beba pampu, beba viraka na spana, usimsikilize anayekucheka. Na kitu cha moto usikimwage kabla ya kusema neno, hata kama huamini. Mimi kinachoninyima usingizi si yule mwanamke. Ni lile sanduku la dawa juu ya benchi. Kama ningaliliacha pale, angeniuliza kama tuna dawa, nami ningemjibu hatuna. Naye angesema, basi na iwe hivyo hivyo.