Movie ya aliens ilivyomfanya mama mkwe anisemeshe

Wakuu, salamu kutoka Kitui town. Kisa hiki si cha kutunga. Mke wangu pia anasoma jukwaa hili, kwa hivyo nikitia chumvi nyingi nitalala njaa.

Kwanza mjue mimi ni mgonjwa wa movies za aliens. Ugonjwa huu niliupata Emali nikiwa turnboy, yaani utingo wa lori. Dereva akilala, mimi niko video show, benchi la mbele, nangoja mawingu yafunguke na ile meli kubwa itokee. Nimehama miji mingi tangu wakati huo na kazi zimebadilika, lakini Emali ile bado naiota, na harufu yake ya dizeli na mahindi choma.

Movies za siku hizi ndizo tamu zaidi. Ninachopenda ni ule mwanzo, kabla mtu yeyote hajajua. Ndege wanahama. Simu zinakosa network. Mbwa anaangalia juu na kukataa chakula. Hapo mimi nimeshakunja miguu kwenye kiti, najua kinachokuja na bado naogopa.

Lalamiko langu ni moja tu. Hawa aliens hawajawahi kutua Ukambani. Kila mara ni miji ya magorofa, kana kwamba sisi hatuna kitu cha kuvamiwa.

Haya, turudi kwa kisa.

Mama mkwe wangu alikuwa anaishi Kathonzweni. Tangu mzee afariki alibaki peke yake, na goti lake moja lilikuwa limekataa kazi. Mke wangu Mwende alimsihi mwaka mzima aje akae nasi Kitui. Alikataa, na sababu ilikuwa mimi.

Si kwa ubaya. Ni nthoni. Kwa wasio Wakamba, nthoni ni ile heshima yenye aibu kati ya mtu na wakwe zake. Vijana wameilegeza, lakini mama huyu ni wa zamani. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kula mbele yangu wala kunisemesha moja kwa moja. Chai ikiiva anamwambia Mwende, "Mwambie mgeni wako chai iko tayari," na mimi nimesimama hapo hapo.

"Nikae nyumba moja na mkwe?" alimuuliza Mwende. "Nitatafunia wapi?"

Basi tukampelekea solar na TV ndogo, angalau asikie sauti ndani ya nyumba. Jumapili, tukiwa bado huko kwake, baada ya kanisa Mwende akaenda kwa jirani kwenye kikao cha harusi. Tukabaki mimi sebuleni, mama kwenye mlango wa jikoni ng'ambo ya uwanja akimenya mbaazi, na paka katikati.

Nikachomeka flash na kuweka movie ninayoipenda. Mama alikuwa amekaa ubavu, lakini nikaona kiti kinageuka kidogo kidogo.

Meli ikatokea. Watu wakaanza kukimbia.

"Paka," mama akasema, "hawa wanakimbia nini na sioni simba?"

Nikakwama. Kumjibu ni kukosa adabu, na kunyamaza pia ni kukosa adabu. Nikaiambia TV kwamba hao ni viumbe wa sayari nyingine, wamekuja kuchukua maji ya dunia.

"Paka, kwani huko kwao mvua ilikosa?"

Nikaiambia TV ndiyo, ilikosa kabisa.

"Na wanapigwa risasi hivyo, hata hakuna aliyewauliza wametoka wapi wala kuwapa uji."

Tukaenda hivyo karibu nusu ya movie, yeye na paka, mimi na TV. Sijawahi kufurahia movie hivyo, hata Emali.

Sasa kuna sehemu bibi mmoja mzee anakataa kutoka kwake. Meli iko juu ya paa, binti yake analia mlangoni, naye ameshikilia kiti chake. Nikasikia mbaazi zimeacha kudondoka kwenye sufuria.

Hapo hapo TV ikazimika. Asubuhi yote ilikuwa mawingu na betri haikuwa imejaa.

Paka naye alikuwa ameshajiendea zake.

"Baba Kioko," mama akasema. "Yule mama alitoka?"

Wakuu, Kioko ni mtoto wetu, lakini nilitazama nyuma nione kama kuna Baba Kioko mwingine.

"Alitoka, Mwaitu," nikajibu, nikimwita mama kwa Kikamba, macho chini. "Alikataa kubebwa. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari."

"Na huko alikopelekwa, aliwekwa wapi?"

"Alipewa chumba cha nyuma. Kina mlango wake na jiko lake. Anakula bila kuonwa na mtu, na akitaka kutazama TV anafungua pazia kidogo."

Wakuu, hiyo sehemu haimo kwenye movie. Hicho ni chumba chetu cha Kitui.

Nadhani alijua. Alimenya maganda mawili matatu, kisha akauliza huku akiangalia sufuria, "Hiyo TV ya kwenu ni kubwa kuliko hii?"

Alihamia kwetu baada ya kuvuna. Siku ya kwanza tu alitaka ile movie kuanzia pale ilipokatikia. Ilipoisha bila chumba cha nyuma kuonekana, akarudia nthoni yake na kumwambia Mwende, "Mwambie mgeni wako ni mwongo." Lakini pazia halikufungwa.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kukukatalia miaka ukimwomba uso kwa uso, na akakubali ukimwachia mahali pa kujifichia.

Sasa tumemaliza movies zote za kwenye flash. Anayejua nyingine kali aziweke hapa, ila mama ana sharti: ng'ombe wasiguswe. Watu wakinyakuliwa, anasema, wana midomo ya kujitetea.

Na wewe unayeishi na mama mkwe, mnatazama nini huko kwenu?