Kila Kitu Karibu na Mlango

"Mama Ruben, huyu mama wa Kongo iko nahama," Birungi, jirani yangu, aliniambia Jumatatu asubuhi tukianika nguo za watoto. "Naona na macho yangu. Kila siku yeye natoa masufuria nje, narudisha. Natoa, narudisha. Mtu anayekaa anafanya hivyo?"

"Labda anasafisha."

"Banange! Sufuria tatu, unasafisha mara ngapi? Huyo nahesabu mizigo."

Nikamfunga Ruben vizuri mgongoni. Birungi akisema jambo kwetu, mpaka saa sita limefika kwa mwenye nyumba.

Aliyesemwa ni Yvette, ambaye sisi tunamwita Mama Chérie kwa jina la binti yake wa miaka mitano. Tunapanga wote kwa Mzee Tibenderana hapa Bwera, upande wa Uganda, vyumba vitano vimeshikana, juu kidogo ya barabara ya kwenda mpakani Mpondwe. Nyuma ya kila chumba kuna jiko la udongo na mabati ya zamani, dogo hivi kwamba ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta mbili. Langu ni masizi tu, na vitu chini. Lake lilikuwa kitu cha kutazama.

Rafu aliitengeneza mwenyewe kwa mbao za masanduku ya nyanya, akapiga misumari kwa jiwe. Kitenge kilichochakaa alikikata pazia la kufunika sahani, akashona ukingo kwa uzi mwekundu. Ukuta aliupaka majivu na udongo mweupe, akachora majani ya maharage kwa kidole, moja moja, kutoka chini mpaka juu. Nilipoyaona mara ya kwanza nilisahau kilichonipeleka, nadhani ni kuomba kiberiti.

Lakini jiko hilo halikutulia. Jumatatu rafu iko kushoto, Jumatano iko kulia. Misumari inang'olewa, mashimo yanabaki katikati ya majani. Na kila akihamisha, vitu vinasogea upande mmoja: mlangoni. Kule ndani, mahali ambapo kila mwanamke anaweka mafiga, hakukuwa na kitu. Sakafu imefagiliwa, basi. Alipikia sigiri kwenye kizingiti, na akimaliza anazima mkaa, anafunga sigiri kwa waya pembeni ya beseni. Hata akikaa kuchambua mchicha, anakaa upande upande, uso kwa njia.

Jumatano Mzee Tibenderana alikuja na mwanamke mgeni, jina lake Acen, ambaye mume wake anafanya kazi ya simenti. Acen aliingia katika jiko la Yvette bila kubisha hodi, akalipima kwa hatua.

"Mafiga yangu itakaa hapa," akasema, akionyesha ile pembe tupu.

Yvette alisimama na mwiko mkononi. "Mzee, namna gani?"

"Nasikia unahama."

"Nani amesema? Siko nahama, Mzee."

Birungi akaanza kukunja nguo ambazo bado zilikuwa na maji.

"Miezi saba, mama, hata mafiga huna," Mzee akasema. Hakuwa mkali. "Mpangaji anayepika mlangoni, mimi nitajuaje kama kesho yuko? Huyu ana watoto wanne, anataka mahali. Jumamosi asubuhi analeta vitu vyake. Kama unakaa, nionyeshe kabla ya hapo."

Walipoondoka, Chérie alimvuta mama yake gauni. "Mama, tunaenda tena?"

Yvette aliweka mwiko chini. Aliingia jikoni nikasikia msumari unang'olewa.

Siku mbili hizo sikukaa vizuri. Ninanyonyesha mtoto, macho yangu yako kwa jiko la jirani. Niliwaza, kama Acen ataingia pale, yale majani yatapakwa masizi kwa wiki moja. Na Yvette ataenda wapi? Célestin, mume wake, anapakia malori mpakani, anatoka kabla ya jua na kurudi amechoka hata kusema. Kwa hiyo Ijumaa, Yvette alipokwenda sokoni Mpondwe kuuza vitunguu, nikajiambia: Mama Ruben, saidia. Mzee anataka kuona jiko la mtu anayekaa. Basi, alione.

Nikaingia. Rafu nikaiburuta mpaka ukuta wa ndani kabisa. Nikafungua lile beseni la mlangoni, lililofungwa kwa kitenge tayari kwa kubebwa kichwani. Ndani yake sufuria kubwa, ndani ya kubwa ndogo, ndani ya ndogo unga kwenye nailoni, chumvi ya Katwe, kiberiti, kisu kimezungushiwa kitambaa, na juu ya vyote kikombe cha Chérie, cha bati, cha buluu. Vyote nikavipanga kwenye rafu, beseni tupu nikaliweka chini yake. Kikombe nikakitundika kwenye msumari wa rafu. Nikarudi nyuma kutazama, nikafurahi kama mtu aliyepata zawadi.

Yvette alirudi saa tisa. Kabla hata ya kutua kapu, mkono wake wa kulia ulienda chini, pembeni ya mlango, bila yeye kutazama. Ulikuta hewa.

"Beseni iko wapi?"

"Mama Chérie, nilipanga ili Mzee..."

"Beseni iko wapi!"

Alipita kwangu kama upepo, akaanza kuangusha vitu ndani ya beseni, chumvi ikamwagika. Ruben akalia. Ndipo Yvette akasimama, akatazama chumvi ile chini, akakaa juu ya kapu la vitunguu.

"Unisamehe," akasema. "Hapana kosa yako. Kule kwetu, karibu na Beni, nilikuwa na jiko muzuri kuliko hii. Étagère, rafu ya mbao, mafiga ya mama ya bwana yangu. Ile asubuhi nilikuwa na maharage mu moto. Tukasikia risasi, batu bote ba kijiji banakimbia. Na miye niko natafuta kifuniko. Kifuniko, Mama Ruben! Batu banakimbia, miye nasema maharage itaingia majivu. Célestin akanivuta mukono. Tulifika Kasindi, kule mpakani, na mwiko."

"Mwiko tu?"

"Mwiko na mutoto. Njiani bananiuliza, mama, unaenda kupika nini?"

Akacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikashindwa kumtazama.

"Tangu ile siku, kila fasi nimekaa, Kasindi, Kyondo, hapa, napanga bintu mukono ipate haraka. Nikilala naona iko mbali. Asubuhi nasogeza. Tena naona iko mbali." Alipangusa chumvi kwenye goti. "Wakati ingine najiuliza kama yale maharage iliungua, ao kuna mutu aliiepua."

Nilikusanya chumvi iliyokuwa safi, nikaitia kwenye kikombe. 

Jumamosi mapema Chérie alikuja kunigongea. "Mama anakuita."

Nilimkuta Yvette amepiga magoti kwenye ile pembe ya ndani, udongo mpaka viwikoni. Célestin alikuwa amebeba mawe matatu kutoka mtoni Lhubiriha, kisha akaenda kazini. Mawili yalikuwa yamepandwa tayari, yamekaa imara. La tatu lilikuwa pembeni, na shimo lake linangoja. Rafu ilikuwa pale nilipoiweka mimi. Beseni lilikuwa mlangoni, limefungwa, lakini kikombe cha buluu kilikuwa kwenye msumari.

"Hayo mawe jana hayakuwepo!" Birungi alichungulia. "Kumbe hahami?"

"Birungi, enda ulete majivu," nikamwambia. Akaenda. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza nikimtuma Birungi akatumika.

Kule chini tulisikia lango. Bodaboda ilikuwa inanguruma, na sauti ya Acen ikisema godoro lisiguse matope, na Mzee akikohoa.

Yvette aligeuza uso kwa mlango, akaugeuza kwa mawe, akaugeuza tena kwa mlango. Mkono wake ulikuwa unafunguka na kufungika.

"Kwa mama yangu, mawe mbili mwenye jiko anaweka," akasema haraka haraka. "Ya tatu anaweka mama mwingine. Kule aliniwekea mama ya bwana yangu. Hapa sina mutu." Akalisukuma lile jiwe kwangu. "Weka wewe, Mama Ruben, mbele Mzee hajaingia. Na ukanyage udongo na nguvu, na nguvu kabisa, sababu nikibakia peke yangu nitaichimbua."