Fundi Niliyempenda kwa Matusi

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Hata mchicha huwa naagiza uletwe mlangoni. Kwa hiyo mama aliponipigia simu kutoka Madaba kwamba goti limekataa kuchuchumaa na anahamia kwangu Lizaboni, hapa Songea, nilijua vita imenifuata ndani. Choo changu kilikuwa cha kuchuchumaa, sakafu inateleza kama kambale. Mama akianguka humo mara moja, basi. Nikaanza kutafuta fundi wa kuniwekea choo cha kukaa.

Kampuni ya kwanza ilitoka Bombambili. Mwenye kampuni, mgeni wa mkoa, alivua viatu mlangoni, akapima kila kona, akauliza mama ni mrefu kiasi gani ili ajue pa kufunga vyuma vya kushikilia. Adabu yake ikanitia shaka. Mtu asiyenitukana hata kidogo nitamjuaje?

Wa pili alikuwa Mhehe. Mimi Mngoni. Babu zetu walichinjana, ndiyo maana sisi leo ni watani. Alilitazama tumbo langu, akasema, "Mngoni gani huyu? Mkuki ukimpata unazama kama kidole kwenye ugali." Nikacheka, nikampa kazi. Nilisahau kwamba mtani anaruhusiwa kila kitu, na wewe huruhusiwi kukasirika.

Alianza na nyundo kubwa, akipiga sakafu kama anamlipizia babu yake. Vigae viliruka, kimoja kikanichana shavu. Ukuta ukaanguka, bomba likapasuka, maji yakafika hadi kwenye kochi langu, ndugu yangu wa karibu kuliko wote. Halafu akatoweka. Nikimpigia simu: "Tulia, mtani. Wangoni si mlivuka mito kuja huku?"

Siku mama anashuka kwenye bajaji, fundi naye alikuwa amekuja kuchukua nyundo yake. Mama akaniita pembeni, akasema anataka kujisaidia. Fundi akasikia.

"Shimo si hilo, mtani? Mshushe tu!"

Nikampiga ngumi ya mdomo. Mimi, ambaye hata mbu huwa namfukuza kwa maneno. Akanirudishia kwa kichwa. Nikasikia pua yangu ikivunjika. Tukagaagaa juu ya vigae vilivyovunjika, yeye kanikaba koo, mimi nimemng'ata kidole hadi nikaonja saruji na damu. Majirani walijaa mlangoni wakipiga makofi.

"Waacheni, watani hao!"

"Mngoni, mle mzima!"

Pumzi zinaniishia, wao wanafuta machozi ya kicheko.

Kilichotutenganisha ni kishindo. Mama alikuwa amejaribu kupita mwenyewe. Alilala ubavu kwenye kifusi, mkono umechanika, damu inatiririka. Kicheko kikakatika. Fundi akaniachia koo, tukamwinua, yeye bega hili, mimi lile, tukimdondoshea damu kwenye kitenge hadi chooni kwa jirani.

"Shikamoo, mama," fundi akanong'ona. "Pole."

"Marahaba. Ondoka."

Akaondoka, nyundo akaisahau. Mlango wa choo ukafungwa, sauti ya mama ikatoka ndani.

"Na wewe! Songea nzima hapakuwa na fundi mwingine?"

"Alikuwepo, mama. Alikuwa na adabu mno."

Nikasikia akimwaga maji chooni.

"Mwite huyo mwenye adabu. Na akija, ufunge mdomo."

Kesho yake yule wa Bombambili alifika. Akautazama mkono wa mama uliofungwa bandeji, akaitazama pua yangu. Akainama mlangoni, mbele ya kifusi na vigae vyenye makali, akaanza kufungua kamba za viatu.

Ilibidi nimshike mkono asivivue.