Mlango wa Kushoto wa Peugeot Nyeusi

Kwa miaka kumi na tisa Kigen alikuwa na banda la mabati kando ya barabara ya kuingia Nakuru mjini, na kazi yake ilikuwa moja tu. Hakunyoosha bodi wala kupiga rangi. Hayo aliwaachia wengine. Yeye alipokea gari likiwa limeshapigwa rangi. Rangi ikitoka kwenye bunduki ya kupulizia, hata fundi awe hodari vipi, huwa na vijipele kama ganda la chungwa, na vumbi la mji huu halikosi kutua juu yake kabla haijakauka. Kigen alitia tone la sabuni ya vyombo kwenye ndoo ya maji, akalowesha msasa laini mpaka ukalegea mkononi, kisha akasugua, mkono ukienda na kurudi katika mstari mmoja. Maji yaliteremka meupe kama uji mwepesi, kwa kuwa kilichokuwa kikitoka ni klia, ile laka isiyo na rangi inayofunika rangi yenyewe. Gari zima likawa limefifia, na mwenye gari akipita wakati huo aliingiwa na hofu. Halafu Kigen aliwasha mashine, akapaka kampaundi ya kung'arishia, na kufikia saa kumi mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama kwenye boneti.

Wateja wake walikuwa wengi, lakini gari alilolijua kuliko yote lilikuwa Peugeot 504 nyeusi ya Mzee Kipruto, mkuu wa chuo cha walimu aliyestaafu na kukaa Milimani. Ilipopigwa rangi upya, Kigen alisimama pale pale akihesabu. Klia ilipigwa mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Yeye mwenyewe akaondoa kiasi cha nusu mkono katika kuisawazisha, na kilichobaki alikiweka kichwani kama mtu anavyokumbuka umri wa mtoto wake.

Barabara ilipokuja kupanuliwa, banda lilibomolewa asubuhi moja. Kigen aliokoa mashine yake na boksi la misasa. Mke wake alikuwa kijijini Ndabibi, akilima viazi kwenye shamba la mama yake, na alimwambia arudi nyumbani. Kigen alijibu kwamba Ndabibi hakuna mtu anayetaka gari ling'ae. Akawa anazunguka gereji za watu, leo hapa kesho pale, mpaka alipopigiwa simu na Jepkoech, mke wa Kipruto.

Mzee alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita. Jepkoech alimpokea getini mwenyewe, amevaa sweta juu ya gauni jeusi, akampeleka moja kwa moja kwenye gari. Kwenye mlango wa mbele wa kushoto, upande wa abiria, kulikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kiganja.

"Unaweza kuutoa?" aliuliza.

Kigen alipitisha ukucha juu yake. Ukucha haukukwama. "Haujafika kwenye rangi, mama. Uko kwa klia tu. Nitautoa mpaka usahau uliwahi kuwa hapo."

Maneno hayo aliyasema kwa wateja wote. Siku hiyo Jepkoech alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na Kigen akaona aibu kidogo, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya saa mbili.

Aliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Walipokula, Jepkoech alimuuliza anakaa wapi siku hizi, na aliposikia banda limebomolewa alimwonyesha chumba cha nyuma, cha matofali, chenye maji na stima. Akamkabidhi na ufunguo wa geti. Kigen alihamia Ijumaa akijiambia ni kwa mwezi mmoja, apate mahali pa kufungua banda lingine.

Jumatatu alimkuta mama amesimama kando ya gari.

"Kigen, kuja uone. Bado iko."

Aliangalia. Akainama, akaangalia tena jua likipiga kwa ubavu. Mlango ulikuwa mweusi na mtulivu kama maji ya kisima. "Mama, hapa hakuna kitu."

"Iko hapo. Mimi naiona."

Akapiga msasa. Hakubonyeza, alipitisha tu, akang'arisha, na mama akasema asante. Alhamisi akamwita tena. Mara ya tatu Kigen alimweleza waziwazi kwamba kila akisugua anaondoa klia kidogo, na ikiisha haitarudi. Jepkoech alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akafunga mlango, na kwa siku mbili hakutoka. Chakula alichopelekewa kilirudi kilivyo.

Siku ya pili ndipo Shantel, binti wa pekee wa nyumba hiyo, alipopiga simu kutoka Nairobi.

"Mzee Kigen, tafadhali," alisema. "Fanya tu vile anasema. Ni gari. Kitu pekee kinamtoa kitandani ni hiyo kazi yako. Akikuona hapo nje anaoga, anavaa, anakuja kukuangalia. Ukiondoka sijui nitafanya nini."

"Rangi itaisha, Shantel."

"Iishe. Utapiga ingine."

Kigen alikata simu akabaki akiangalia mikono yake. Alikuwa ameishi miaka yote akiwaambia watu jinsi rangi yao inavyotakiwa kutunzwa, na sasa alikuwa akiombwa aimalize, kwa upole, na watu waliomtendea wema. Asubuhi iliyofuata alitoka na maji yake. Baada ya dakika kumi Jepkoech alikuja na kiti, akaketi barazani, akawa anamtazama.

Hivyo ndivyo miezi ilivyopita. Jumatatu na Alhamisi, mlango wa kushoto. Kigen alijifunza hila zote za kuondoa kidogo iwezekanavyo. Alitumia msasa uliochakaa, ambao haukuwa tena na meno. Alisugua na povu jingi kuliko shinikizo. Lakini mama alikuwa amejifunza kuangalia maji. Yakiteremka masafi alisema, "Leo hufanyi kazi," naye akalazimika kubonyeza hadi yakawa meupe. Hakuenda tena gereji za watu, kwani geti likifunguliwa tu mama alitokea barazani na kuuliza, "Unaenda wapi? Utarudi saa ngapi?" Ndabibi alikokuwa akienda kila mwisho wa mwezi, akawa anaenda mara moja kwa miezi miwili, akirudi siku hiyo hiyo. Mke wake hakugombana naye. Alimuuliza tu siku moja, akimkatia mboga ya kubeba, "Hapo umeajiriwa ama umefungwa?" Kigen alicheka, na njiani kurudi, matatu ikiteremka kuelekea ziwani, akajikuta akiupapasa ufunguo wa geti mfukoni.

Elphas, rafiki yake wa siku za banda, alikuwa amefungua yadi Mai Mahiu ya kupiga malori rangi. Alimpigia. "Nakutaka hapa, Kigen. Malori hayataki kung'aa kama kioo, yanataka tu rangi ishike. Utapumzisha mikono. Kuja Jumatatu."

"Jumatatu siwezi. Mwezi ujao."

Mwezi uliofuata alisema hivyo hivyo. Mwezi wa tatu Elphas hakupiga, na Kigen alipompigia yeye, aliambiwa kwa heshima kwamba kijana fulani kutoka Gilgil ameshaanza na anaendelea vizuri.

Siku aliyoiogopa ilipofika ilikuwa Alhamisi ya kawaida. Upepo ulikuwa umevuma kutoka upande wa Menengai na kuacha vumbi jembamba juu ya kila kitu, kwa hiyo aliosha gari lote kwanza. Kisha akaanza kwenye mlango. Kuna sehemu bati linapopinda chini ya kishikio, na hapo laka huwa nyembamba kuliko kwingine. Fundi yeyote anajua kupaepuka. Kigen alikuwa amepaepuka kwa miezi saba. Siku hiyo alipitisha mkono, akaona maji yanayoteremka yamebadilika. Yalikuwa meusi.

Aliinua mkono haraka, akapangusa. Ilikuwa doa dogo, si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, na katikati yake weusi ulikuwa umekwisha na praima ya kijivu, ile inayopakwa kwanza juu ya bati, ikatokeza. Kigen alichuchumaa mbele ya doa lile kwa muda. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuchoma rangi ya mtu, yaani kuisugua mpaka ikaisha. Aliwahi kuwafukuza wasaidizi kwa kosa hilo. Alichoshangaa ni kwamba hakuhisi hofu. Alihisi kama mtu aliyekuwa amebana pumzi kwa muda mrefu na sasa ameiachia.

"Mama," aliita. "Kuja uone."

Jepkoech alishuka ngazi akishikilia ukuta. Aliinama, akaligusa doa kwa kidole. "Ni nini hii?"

"Praima. Rangi imeisha hapo. Nimeimaliza mimi."

"Na mkwaruzo?"

"Mkwaruzo niliutoa siku ya kwanza, mama. Kabla ya chakula. Hizi siku zingine zote nimekuwa nikitoa tu rangi ya mzee."

Alimtazama. "Hukuniambia."

"Nilikuambia. Halafu nikaacha kukuambia."

"Kwa nini uliacha?"

Kigen alifikiria kumtaja Shantel, akaona si haki. "Kwa sababu nilikuwa nakaa kwako," alisema.

Jepkoech aliketi kwenye ngazi, si kwenye kiti. Maji yaliyochanganyika na rangi yalikuwa yakipita karibu na viatu vyake naye hakuvisogeza.

"Asubuhi ile mimi ndiye niliendesha," alisema. "Wewe unajua sijui kuendesha. Mzee alikuwa amekaa hapo kushoto, ameshika kifua. Nikarudi nyuma, nikagonga nguzo ya geti. Nikashuka." Alinyoosha kidole kwenye mlango wa gari. "Badala ya kuondoa gari, nilishuka nikaangalia mlango. Nikaupangusa na leso. Nilijua vile anapenda hii gari. Nilisimama hapo nikiupangusa, Kigen, na yeye ako ndani. Niliporudi kwa usukani akaniuliza, 'Imeumia sana?' Nikamwambia hapana."

"Alikuwa anauliza gari?"

"Alikuwa anauliza gari. Na hakuongea tena."

Kigen hakumwambia kwamba dakika mbili za kupangusa mlango hazingebadilisha kitu, kwa kuwa hakujua kama ni kweli, na alijua mama angejua kama anadanganya. Aliketi naye kwenye ngazi, wakaangalia mlango.

Baadaye Kigen alisema ataupiga mlango rangi upya, ufanane na gari lote. Ni kazi ya siku tatu. Jepkoech alikataa. Shantel alipokuja Jumamosi alijaribu naye, akaulizwa gari ni la nani. Kigen alifunga vitu vyake Jumapili ile. Mama alimwona akifunga, hakumwambia aende wala abaki. Alimuuliza tu kama angempeleka kanisani kwanza, maana Shantel alikuwa amerudi Nairobi asubuhi na mapema. Akampeleka. Jumapili iliyofuata akampeleka tena, vitu vikiwa bado kwenye gunia.

Bado anakaa kwenye chumba cha nyuma. Jumatatu na Alhamisi hakuna anayemwita. Jepkoech huketi upande wa kushoto wanapotoka, na Kigen sasa huenda Ndabibi kila mwisho wa mwezi, ingawa mke wake akimuuliza ni lini atarudi kabisa, yeye husema, "Acha kwanza tumalize mwaka wa kumkumbuka mzee," na mwaka huo umeshapita.

Kinachomsumbua ni doa. Mjini wanamjua. Akisimama kwenye kituo cha petroli, vijana wa pampu huinama wakaangalia, kisha humwangalia yeye.

"Mzee Kigen, hata wewe unaacha doa hivi?"

"Mwenyewe ameitaka hivyo," hujibu.

Kanisani husubiri nje kwenye maegesho, ameegemea mlango wa kushoto, akiziba kwa mwili wake pale chini ya kishikio, mpaka watu wote wamepita. Jepkoech akitoka humkuta amesimama vivyo hivyo.

"Toka hapo, Kigen," husema. "Nifungue mlango."