Mama Sita wa Filister

Kwa miaka tisa Filister ndiye aliyekuwa mnunuzi wa vyakula katika ofisi yetu ya ununuzi ya supamaketi kubwa, Migori mjini. Hakuna gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, lililoingia stoo kabla hajachota kiganja kimoja akatafuna. Mchanga ukigonga meno yake, mwenye gunia alirudi nalo Muhuru Bay, awe mjane, awe askofu.

Mwaka jana makao makuu ya Nairobi yakatuletea fomu ya uadilifu. Swali lilikuwa moja tu: taja jamaa zako wote wanaotuuzia bidhaa. Mimi Chrispine, ambaye ndugu yangu wa tumbo moja hutuletea mayai kutoka Uriri kila Jumanne, niliandika "Hakuna" nikaenda kunywa chai. Filister aliomba karatasi ya ziada.

Aliandika majina kumi na tisa. Sita kati yao aliwaandika "mama", kwa sababu kwetu mke wa baba mdogo ni mama, mke mwenza wa mama yako ni mama, na aliyelelewa vizuri haandiki vingine. Watatu kati ya hao alikuwa amewarudishia magunia mwezi huohuo, lakini fomu haikuuliza hilo. Nilimshauri apunguze. Akaniuliza apunguze yupi.

Wiki mbili baadaye mkaguzi akashuka kutoka Nairobi, viatu vinang'aa. Alimwita Filister, nami nikaitwa niwe shahidi. Akamweleza kwa upole kwamba mtu huwa na mama mmoja. Abakize huyo mmoja, akate majina mengine yote, atie sahihi, na cheo chake kitabaki salama. Akamsogezea kalamu.

"Mama yangu wa kunizaa alikufa nikiwa class two," Filister alisema. "Hawa sita ndio walianika omena mpaka nikamaliza shule. Sasa nikate nani, sir?"

Mkaguzi akaniangalia mimi. Nikatazama dirishani. Niliona aibu, kusema kweli, lakini haikutosha kunifungua mdomo. Filister akairudisha kalamu kwa mwenyewe, akaaga kwa heshima.

Ripoti ilisema ana mgongano mkubwa wa maslahi, na kwamba ofisi ina bahati ya kuwa na mtu safi kama Chrispine. Kiti cha Filister nimekikalia mimi. Ndugu yangu alifurahi sana, siku hizi analeta mayai Jumanne na Ijumaa.

Filister wamemhamishia upande wa sabuni na dawa ya meno, mahali ambapo hana mama hata mmoja.