Moshi wa Kwangu

Mwaka ule tuliokula maembe machanga ya kuchemsha kwa chumvi (ndicho kilichokuwa chakula, msinicheke), niliaibika mimi nisiyeaibika, na mpaka leo nikipita pale shuleni, hapa kwetu Msambweni, natazama kando.

Asubuhi ya siku ile ya aibu jirani yangu Mama Bakari aliniletea bakuli la unga, nikamrudisha nalo: "Sili cha mtu. Kwangu moshi unafuka." Nikajifunga leso mpya nikaenda shule, maana tuliitwa kuona watoto wanavyopimwa kuandika hadithi kwa kompyuta, na Mejumaa, mjukuu niliyemlea tangu mamake afariki, nilikuwa nimemsifu mtaa mzima.

Kufika, natazama kioo cha kompyuta ya Mejumaa, mistari myekundu mitupu, kila neno limepigwa wekundu chini! Mimi kusoma sijui, ila wekundu wa mwalimu naujua (ndio ulionitoa shule), nikafoka, "Mwalimu, mtoto amekosa yote?"

"La, Bibi. Mashine hii inajua Kiingereza tu, Kiswahili chote inakiona kosa. Ameandika vizuri mno."

Ningenyamaza hapo. Lakini nyuma yangu mmoja alishanong'ona, "Mejumaa kaanguka, na sifa zote zile!" Damu ikanipanda, nikataka isomwe pale pale, kila mwenye masikio asikie.

"Bibi, hii tuisome mimi nawe, faraghani."

"Kwani kaiba? Soma!"

Akasoma. "Bibi yangu huwasha moto kila magharibi. Huteleka sufuria ya maji matupu, akayakoroga kwa mwiko, majirani wasikie. Wakipita huwaambia, karibuni tule. Wakishapita huyamwaga. Mimi hulala."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mejumaa alitazama vidole vyake, na mwalimu akampa alama za juu kuliko wote.

Jioni sikuwasha moto. Ningemwashia nani tena? Mama Bakari akapiga hodi na bakuli lile lile. Mejumaa akalipokea kwa mikono miwili, nami nikamnyang'anya.

"Bi Mwanahamisi," akasema Mama Bakari, polepole, "si wewe. Ni mtoto huyu."

Mtoto yuko kati yetu, macho kwenye unga. Mafiga yamepoa, majivu meupe, sote watatu tunayaona. Nikamrudishia Mama Bakari bakuli lake.

"Sili cha mtu. Kwangu moshi unafuka."